Dada Kwenye Kidirisha cha Pembeni

Pale kwa dobi walimwita Nyoosha, maana hakuna shuka lililopita mikononi mwake likatoka na kunyanzi. Yeye mwenyewe hakuwahi kulisikia jina hilo. Alilisoma midomoni mwa wenzake: midomo inajikusanya kama ya mtu anayepuliza chai, kisha inafunguka, naye anajua ameitwa.

Masikio yake yaliondoka na homa ya uti wa mgongo alipokuwa darasa la pili. Alilala akisikia kuku wa jirani wakigombana, akaja kuzinduka hospitalini, mama yake kainama juu yake, mdomo unakwenda, na hakuna kitu kinachotoka. Kwa muda mrefu aliamini kwamba ni mama aliyeharibika.

Chumba cha pasi kilikuwa nyuma kabisa ya jengo, baada ya mashine za kufulia. Mashuka ya hoteli na ya hospitali yaliletwa kwa vitoroli, bado ya uvuguvugu, na Nyoosha aliyapokea kwenye meza ndefu iliyofunikwa blanketi. Mashine zilinguruma kiasi kwamba wenzake walipigiana kelele sikioni. Yeye alizijua kwa nyayo, mtetemo ukipanda kutoka sakafuni hadi magotini, na ndiye aliyekuwa wa kwanza kugundua mashine inapoanza kuchoka. Msimamizi alipenda kutania kwamba huyu ndiye mfanyakazi pekee ambaye hajawahi kulalamikia kelele. Wote walicheka, na Nyoosha akacheka nao kwa sababu aliwaona wanacheka.

Walimpenda, hilo lisemwe. Walimpenda vile watu wanavyompenda mtu ambaye hawawezi kuongea naye: wakimpiga bega wakipita, wakimwonyesha dole gumba, wakimwachia kiti karibu na dirisha. Baada ya hapo waligeukiana na kuendelea na soga zao.

Duniani alikuwepo mtu mmoja tu aliyeongea naye sawasawa, naye ni mdogo wake.

Mdogo mtu alikuwa ndiyo kwanza anajifunza maneno marefu wakati dada yake anapoteza kusikia. Hakuna aliyewafundisha kitu. Walitunga wenyewe, chini ya meza, kitandani, nyuma ya nyumba. Kubana pua ilikuwa uongo. Kiganja juu ya kichwa, kama anayekaza kitambaa, ilikuwa mama. Kufuta hewa kwa mkono mmoja ilikuwa baba, ambaye alikuwa ameshaondoka. Mdogo mtu jina lake lilikuwa kidole kilichobonyeza shavu, kwa sababu ya kishimo alichokuwa nacho akicheka, basi na sisi tumwite Kishimo. Mama yao alijua ishara za chakula na za kugombeza tu, na aliona zinamtosha.

Kishimo alikuwa masikio ya dada yake shuleni, dukani, hospitalini. Lakini raha yao hasa ilikuwa sebuleni nyumba ikijaa wageni. Wawili hao walikaa pembeni, mikono mapajani, wakimsengenya kila aliyekuwepo mbele ya macho yake mwenyewe, na hakuna aliyeambulia kitu.

Mama alipofariki, Kishimo alipata kazi mji wa mbali, kazi ya kupokea simu za wateja wenye hasira. Kazi ya kuongea kutwa. Huko huko akaolewa. Nyoosha alirudisha chumba kimoja kwa mwenye nyumba, akabaki na kile chenye dirisha.

Tangu hapo ikawa ni Jumamosi. Alasiri akitoka kazini, Nyoosha alioga, akavaa blauzi isiyo na maua ili mikono yake ionekane vizuri, akaiegemeza simu kwenye kopo la wanga, akakaa kwenye stuli akitazamana na mwanga. Simu yake ilikuwa ya kizamani, isiyojua mambo mawili. Ukiwa kwenye video halafu ukagusa ujumbe ulioingia, video inakufa. Ukitaka kumwonyesha mtu picha, ukate kwanza, utume, kisha upige tena. Kwa wengine huo ni usumbufu mdogo. Kwa Nyoosha, picha ikikatika ni sawa na mtu kuzibwa mdomo na kufungwa macho kwa pamoja. Kwa hiyo hakugusa kitu. Siku nzima ya Jumamosi ilikuwa inaelekea kwenye stuli ile.

Alianza kuona mabadiliko taratibu. Kwanza macho ya Kishimo yalikuwa yakishuka, kidogo, upande wa kushoto. Kisha rangi ya mwanga usoni mwake ikawa inabadilika, buluu, nyeupe, buluu tena, kama mtu aliyekaa karibu na televisheni. Kisha akawa anaongea kwa mkono mmoja, na majibu yake yakawa yale yale: ndiyo, kweli, pole, vizuri.

Jumamosi moja Nyoosha akaamua kumpima. Alikuwa akisimulia habari za kitoroli kilichovunjika gurudumu, akabadilisha katikati bila kubadilisha uso.

"Halafu nikaolewa na pasi," alisema kwa mikono. "Tumepata watoto. Soksi mbili."

Kishimo aliitikia kwa kichwa. "Vizuri sana, dada. Na wewe upumzike."

Nyoosha alicheka hadi mabega yakatikisika. Kicheko kilipoisha alimkuta mdogo wake bado anatazama chini kushoto, hajui kwamba kuna mtu alikuwa anacheka.

Alipunga mikono yote miwili mbele ya simu, hadi macho yakapanda.

"Unanitazama?"

"Nakutazama."

"Nimeolewa na nani?"

Uso wa Kishimo ukaduwaa. Nyoosha alirudia habari ya pasi, na ya soksi. Mdogo wake alicheka, kishimo kikaonekana, kisha akaona kwamba dada yake hacheki tena.

"Dada, nina mambo mengi. Najibu watu wa kazini, naangalia hiki na kile, lakini wewe upo. Hujaondoka. Simu za siku hizi zinafanya hivyo, kila mtu anafanya hivyo. Uko hapa, kwenye kidirisha cha pembeni."

"Kikubwa kiasi gani?"

Kishimo alikutanisha vidole gumba na vya shahada, akatengeneza kidirisha mbele ya kamera. Kilikuwa na ukubwa wa kiberiti.

Nyoosha alikitazama muda mrefu.

Labda kwa roho kumsuta, au labda aliamini kweli kwamba shida iko kwenye simu ya dada, Kishimo alituma simu mpya kwa basi la mizigo. Iliambatana na ujumbe: *Hii haigandi. Ukifungua kitu kingine mimi nabaki pale pale. Hata wewe sasa utafanya mambo yako huku tunaongea.*

Nyoosha aliipeleka kwa fundi simu mwenye kibanda chini ya ngazi, karibu na kituo cha basi, ili amhamishie namba na picha. Fundi huyo alikuwa na tabia nzuri: hakumpigia kelele. Aliandika kwenye simu yake kwa herufi kubwa, akaigeuza.

*Ya zamani ni nzima. Kwa nini unabadilisha?*

*Mdogo wangu amenipa,* Nyoosha aliandika. *Tofauti yao ni nini?*

*Ile ukitoka mahali inapazima. Hii haizimi. Unaweza kutazama mpira, unaandika ujumbe, na uko kwenye video, vyote kwa pamoja.*

*Ni lazima?*

Fundi alicheka. Kulikuwa na mteja mwingine pale, mama mwenye duka la urembo, aliyetaka kujua kinachochekesha. Alipoambiwa akaanza kuitetea simu mpya kwa mikono na mdomo. Yeye bila simu ya kufanya mengi biashara imekufa, huku anapokea oda, huku anatuma picha, huku anamsikiliza mama mkwe. Fundi alimsikiliza, akatikisa kichwa, akaandika tena, polepole, ili wote wawili wasome.

*Mimi naona simu za watu kutwa. Nikifungua, kuna mambo ishirini yako wazi. Mwenyewe anatazama moja. Mengine yote yanakula chaji tu.*

Nyoosha aliisoma mara mbili. Akachukua simu na kuandika:

*Na mtu akiwa kwenye hayo mengine?*

Fundi alikunja uso, hakuelewa anachoulizwa. Mama wa urembo naye alikuwa ameshageukia simu yake. Nyoosha alimlipa fundi, akashukuru, akaenda zake.

Jumamosi iliyofuata alijaribu. Hakutaka kuonekana mtu wa kugomea kila kipya. Walipokuwa wanaongea alifungua picha za nguo, na kweli, video haikufa. Kishimo alisogea pembeni juu, akawa mdogo. Mikono yake ilikuwa kama miguu ya sisimizi. Ilikuwa inasema jambo. Nyoosha alikodoa macho kwenye kiboksi, gauni likampotea. Alitazama gauni, mdogo wake akampotea. Na bado alihitaji mkono mmoja kusogeza picha kwenye kioo, ukabaki mmoja wa kujibu. Alirudi kwenye uso mkubwa akakuta sentensi imeshapita.

"Haiwezekani," alisema.

"Utazoea."

"Siyo kuzoea. Wewe una masikio. Ukimtoa mtu machoni, sauti yake inabaki. Mimi ukinitoa machoni, sibaki."

Kishimo alikuwa amechoka siku hiyo. Alikuwa ametoka kazini, ametukanwa na watu asiowajua tangu asubuhi, na jibu lilimtoka kwa kasi kabla hajalipima.

"Unajua kukaa na wewe ni kazi? Marafiki zangu naongea nao napika, naosha vyombo, navaa viatu. Ni wewe tu ambaye lazima nikae kitako kama niko darasani!"

Mikono yake ilisimama hewani. Ilionekana inatamani kuyarudisha yale maneno, lakini ishara ikishaonekana imeonekana.

"Sawa," alisema Nyoosha, akakata.

Walipatana, kama ndugu wanavyopatana, bila kulizungumza. Ujumbe wa pole ulikuja, ukajibiwa. Lakini video zikawa fupi, kisha zikawa za kuruka wiki, mara mtandao mbaya, mara wageni. Nyoosha hakudai. Kila alipotaka kudai aliona kile kiti cha darasani, na mdogo wake amekaa juu yake kwa lazima. Aliendelea kuoga Jumamosi alasiri. Mwili ulikuwa umezoea.

Halafu, katikati ya wiki, mchana wakati wa mapumziko, simu ilitetemeka mfukoni mwa aproni yake. Ilikuwa ni video. Kishimo hakuwahi kupiga siku ya kazi. Nyoosha alidhani kuna msiba.

Mdogo wake alikuwa kitandani, mchana, nywele hazijachanwa. Simu alikuwa ameiegemeza mahali, na alitumia mikono yote miwili.

"Sauti imeisha."

"Imeisha vipi?"

Alieleza. Ilianza kwa kukwaruza, yeye akameza dawa za kikohozi na kuendelea na kazi, hadi asubuhi moja alipofungua mdomo kumjibu mteja ikatoka pumzi tupu. Daktari alichungulia kooni akakuta vinundu kwenye nyuzi za sauti, kwa sababu ya kuongea bila kupumzika. Viliondolewa. Na sasa ameamriwa asitoe sauti kabisa, hata ya kunong'ona, kwa wiki kadhaa, vinginevyo inaweza isirudi.

"Na mumeo?"

"Shemeji yako?" Kishimo alifumba macho. "Ananiandikia. Na akichoka kuandika ananipigia kelele, dada. Anapaza sauti kama mimi ndiye kiziwi."

Nyoosha alicheka. Kishimo naye akaanza kucheka, kisha akashika koo kwa hofu na kucheka bila sauti, mabega tu, sawasawa na dada yake. Walivunjika mbavu hivyo, kila mmoja kwenye kioo chake, hadi wenzake Nyoosha wakaja kuona kulikoni.

Kuanzia hapo alipiga kila siku. Mchana, Nyoosha akiwa amekaa kwenye rundo la mashuka, na jioni tena chumbani kwake. Macho ya Kishimo hayakushuka kushoto hata mara moja. Yangeshuka wapi, mikono ilikuwa na kazi. Walikumbushana ishara walizokuwa wamezisahau. Ya wivu haikupatikana kabisa, kila mmoja alikuwa na yake akiapa ndiyo ya asili, wakabishana, wakatunga mpya. Wakamsengenya mama mkwe wa Kishimo huku yeye mwenyewe akipita nyuma na kikapu cha nguo, akipunga mkono kwa upole.

Siku moja Kishimo alisema, "Watu wanaacha kukutazama."

"Enhe."

"Mezani wanaongea. Mimi nina jambo, nainua mkono, nasubiri. Mpaka mtu anigeukie wameshahamia kwingine. Jana niliacha tu kuinua. Hakuna aliyegundua."

"Najua."

"Wewe ulivumiliaje, miaka yote hii?"

Nyoosha hakuhitaji kufikiri. "Nilikuwa na wewe."

Kishimo aliangalia pembeni, akafuta macho kwa kiganja, akarudi.

Zilikuwa wiki nzuri kuliko zote ambazo Nyoosha aliweza kuzikumbuka tangu utoto. Alipika akiwa na hamu ya kula. Kazini alitembea haraka. Na siku moja, akiwa juu ya foronya, alijikuta anaomba moyoni, kwa maneno kamili, sauti ya mdogo wake ichelewe. Isirudi mapema. Kidogo tu. Aliposhtukia alichokuwa anakiomba, moshi ulikuwa umeshapanda. Foronya ilikuwa na alama ya pasi, ya kahawia, yenye ncha. Alikuwa hajawahi kuunguza nguo tangu aajiriwe. Msimamizi alikuja, akaitazama, akampiga bega kwa huruma, akidhani ni uchovu.

Hakumwambia mtu. Mtu pekee ambaye angeweza kumwambia ndiye huyo huyo.

Sauti ilirudi. Kishimo alipiga akiwa na furaha ya mtoto, akaiweka simu karibu na uso, akanyoosha kidole mdomoni: tazama. Kisha akalitamka neno lake la kwanza, polepole, na Nyoosha akalisoma. Dada. Alikuwa amelihifadhi kwa ajili yake, neno la kwanza kabisa, yeye ambaye hataweza kulisikia.

Nyoosha alipiga makofi. Alifurahi, na furaha yake ilikuwa ya kweli hadi mahali fulani. Nyuma ya Kishimo mlango ulifunguka, watu wakaingia na nyuso za kushangilia, na Kishimo akawageukia. Mdomo wake ukaanza kwenda, haraka, kama maji yaliyofunguliwa. Mikono yake ikalala mapajani.

Kulaumu hakukumjia. Alimtazama tu mdogo wake anavyoongea, akaona alivyo mzuri akiongea, na alivyokuwa amelikosa jambo hilo wiki zote zile. Alisubiri. Baada ya muda Kishimo alikumbuka, akageuka, akasema pole. Nyoosha akamwambia nenda, nenda kwa watu wako, tutaonana.

Hawakurudi kule walikokuwa mwanzo, hilo ni kweli. Kishimo alibadilisha kazi ndani ya ofisi ile ile, akapunguziwa kuongea. Na alimwambia dada yake bila kuzunguka: "Kila siku siwezi. Hata kila Jumamosi sitakuahidi. Lakini nikikaa na wewe, nimekaa na wewe." Neno hilo alilitimiza, karibu mara zote. Anaegemeza simu, anakaa, anatoa mikono yote miwili, anatoa macho. Ni muda mfupi, kisha anasema kwaheri waziwazi, anaondoka mzima mzima. Nyoosha hajawahi kuona tena ile rangi ya buluu. Simu mpya aliibakiza, kwa sababu kamera yake inaona vizuri hata mawingu yakitanda.

Kilichobaki ni Jumamosi zenyewe, ambazo sasa nyingi zilikuwa tupu. Kukaa chumbani na stuli kulimshinda, akaanza kutoka, anatembea bila kwenda popote. Ndivyo alivyofika siku moja kwenye ukumbi wa mikutano ulio nyuma ya soko, na kwenye ngazi zake akaona watu watatu wanagombana kwa mikono.

Alisimama katikati ya barabara hadi mtu akamvuta asigongwe.

Wanaume wawili na mwanamke mmoja wa makamo. Waligombana kwa mikono mipana, nyuso zimewaka, kisha wote watatu wakaangua kicheko. Nyoosha alisogea. Alipofika karibu matumaini yakamwisha: hakuelewa hata kimoja. Ishara zao zilikuwa za shule, za watu wengi, zenye mwendo aliokuwa hajawahi kuuona. Lugha yake yeye ilikuwa ya watu wawili duniani.

Yule mwanamke alimwona. Aliuliza jambo. Nyoosha alitikisa kichwa. Mwanamke aliuliza tena, taratibu zaidi, na Nyoosha akasema kwa ishara za chini ya meza ya mama yake kwamba hasikii, kwamba anakaa peke yake, kwamba hajui kusema kama wao. Mwanamke hakuambulia zaidi ya kile kidole kilichogusa sikio. Kilitosha. Alijisogeza kwenye ngazi, akapigapiga nafasi pembeni yake.

Nyoosha alikaa hadi walipoanza kutawanyika. Alitazama mikono yao kama mtu anayetazama mvua, bila kukamata chochote. Hakuna aliyemsemesha tena kwa muda mrefu, na alipata baridi kwa kukaa kwenye saruji. Lakini mwanamke yule alipoinuka kuondoka alimgusa bega, akasubiri macho yao yakutane, akamfanyia ishara moja: ngumi laini iliyofunguka mbele ya kifua na kugeuka juu. Akairudia. Akamngoja airudie yeye.

Njia nzima ya kurudi Nyoosha aliifanya chini chini, mkono ukiwa umelala kwenye paja ili wapita njia wasione, akiifungua na kuigeuza, bila kujua bado ina maana gani.